Kindi na Watani wa Gulioni

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanakunywa chai ya asubuhi na kugombana na majirani kama sisi, paliishi mchekeshaji mmoja jina lake Bi Kindi. Sogeeni hapa. Na wewe unayemfinya mwenzako, acha, maana leo nasimulia na hasira zangu.

Bi Kindi alikuwa mdogo, mkia mkubwa kuliko yeye mwenyewe. Kila siku ya gulio alipanda juu ya kichuguu kilichokuwa katikati ya uwanja, akaigiza. Aliigiza Ngiri anavyokimbia mkia juu kama kachelewa harusi. Aliigiza Nyani anavyomtoa mama mkwe chawa huku akimsengenya. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Aliyecheka alimtupia konzi ya karanga, na karanga hizo ndizo zilizowalisha watoto wake wanne.

Sasa sikieni balaa. Sheria ya gulio ilikuwa hivi: mchekeshaji akizomewa akashuka, mara tatu, ananyang'anywa kichuguu, na hachekeshi tena maishani.

Na palikuwa na Mzee Kiboko. Lo, yule baba! Alikaa mbele kabisa, mwili mzima, akiwaziba wafupi. Bi Kindi akifungua mdomo tu:

"Ziiii! Shuka! Huchekeshi!"

"Jamani, hata sijaanza," Bi Kindi alisema.

"Hujaanza tumechoka, ukianza itakuwaje? Ziiii!"

Sauti ile nani angeishinda? Wanyama wadogo walinyamaza kimya, waliogopa kukanyagwa. Na pembeni alisimama Korongo kwa mguu mmoja, mjuzi wa vichekesho wa kujitangaza, ambaye tangu azaliwe hajamchekesha hata mende.

"Mimi nakosoa kitaalamu," alisema Korongo. "Kichekesho hiki hakina ladha. Halafu mkia umezidi."

Mkia umezidi! Mkia kazaliwa nao, mnasikia? Angeuacha wapi?

Bi Kindi akashuka. Gulio lililofuata, vilevile. Watoto wake wakashindia uji mwepesi, chumvi hamna. Akaona mambo haya hayavumiliki, akaenda kushtaki kwa Jumbe Tembo.

"Mzee Kiboko, kwa nini unamfanyia hivi mtoto wa watu?" Jumbe aliuliza.

"Ah, Jumbe, natania tu!" Kiboko alicheka, tumbo likatikisika gubu, gubu. "Kwani huyu hajui utani?"

"Mchekeshaji asiyevumilia utani si mchekeshaji," Korongo akadakia.

Jumbe Tembo akapiga miayo. "Utani hauna kesi. Nendeni."

Basi! Mtu anakuzibia riziki, anakuaibisha mbele ya watu, ukilia anasema anatania. Na mkubwa anapiga miayo! Inaniudhi mpaka leo. Ningekuwa mimi ningemrushia mwiko.

Bi Kindi hakurusha mwiko. Alirudi nyumbani, akalia sana, akajipangusa uso kwa mkia, kisha akakaa akawaza.

"Utani," alijisemea. "Haya. Utani una desturi zake. Mimi nazijua zote. Yeye je?"

Maana katika nchi ile, mtani wako hukuchokoza atakavyo nawe hununi. Lakini ukiwa na msiba au hitima, kazi zote ngumu ni zake: kuchota maji, kupasua kuni, kuosha masufuria. Na wenye shughuli wanamchokoza wapendavyo, naye marufuku kukasirika. Mzee Kiboko hakuwahi kuwa na mtani, nani angethubutu? Alijua nusu moja tu ya mambo, ile tamu.

Siku ya gulio la tatu Bi Kindi alipanda kichuguu.

"Shikamoo, Mzee Kiboko. Leo pia utanizomea?"

"Marahaba. Nitakuzomea mpaka mkia unyooke!"

"Kwa chuki au kwa utani?"

Kiboko akamwangalia kwa pembeni Jumbe, aliyekuja gulioni siku hiyo. Kumzomea mtu kwa chuki kulikuwa na adhabu.

"Kwa utani, mama! Utani mtupu!"

"Na wewe, Korongo?"

"Utani wa kitaalamu."

"Jumbe, umewasikia?"

"Nimewasikia," alisema Tembo. "Gulio zima limewasikia."

Hapo wakaanza. "Ziiiii! Shukaaa! Huchekeshiii!" Uwanja ukatetemeka, vikapu vya nyanya vikapinduka. Bi Kindi akashuka. Alitabasamu, ingawa hapo kichuguu kilishatoka mikononi mwake.

"Asanteni, watani wangu!" alipaza sauti. "Keshokutwa ni hitima ya marehemu bibi yangu. Ukoo mzima unakuja, mia tatu na ushee. Mje alfajiri, kazi zinawasubiri."

Kiboko akaduwaa. "Kazi gani?"

"Kazi za mtani," alisema Jumbe Tembo, na siku hiyo hakupiga miayo. "Umejitaja mwenyewe mbele yangu. Ukikimbia desturi, na mto wetu uhame."

Basi keshokutwa Mzee Kiboko akachota maji. Kisima kiko bondeni, nyumba iko mlimani. Hema, hema, anapanda! Ukoo wa Kindi umejipanga juu ya matawi, mashavu yamejaa pilau.

"Mtani! Hayo ni maji au ni jasho lako?"

"Anatembea au anabingirika?"

"Ziiii! Mwaga, kachote mengine!"

Korongo naye alikuwa ameinamia sufuria, shingo yote ndani, anasugua kwacha, kwacha.

"Sisi tunakosoa kitaalamu," kikongwe mmoja wa ukoo alimwambia. "Masizi yamezidi. Rudia."

Kiboko akatua mtungi, puu! "Mnaniaibisha mbele za watu!"

"Tunatania tu, mtani," Bi Kindi alijibu kwa upole. "Mwezi ujao ni hitima ya babu. Unaofuata, ya shangazi. Sisi tuna marehemu wengi, na utani hauna mwisho mpaka mmoja wetu afe."

Macho yakamtoka Kiboko. "Mpaka kufa? Sitaki! Mimi si mtani wako! Sikutania hata siku moja! Nilikuchukia tu, kwa sababu wakikutazama wewe hawanitazami mimi!"

Pilau ikasimama midomoni. Jumbe Tembo, aliyekuwa mkekani na sahani yake, akainuka taratibu.

"Kumbe ilikuwa chuki."

"Chuki, ndiyo!" Kiboko alifoka, na alipokumbuka anaongea na nani, alishachelewa.

"Basi kuzomea kote mara tatu kumefutwa. Kichuguu ni cha Bi Kindi. Na wewe hukanyagi gulioni mpaka masika matatu yapite." Kisha Jumbe akainamisha kichwa. "Na mimi, Bi Kindi, nilikukosea. Nilipaswa kuuliza siku ile ile." Wakamtafuta Korongo, kumbe alisharuka zamani, na povu la sabuni mdomoni.

Gulio lililofuata Bi Kindi alipanda kichuguu chake. Watu wakapiga vigelegele. Yeye hakucheka. Aliwatazama mmoja mmoja, mpaka wakaanza kukohoa.

"Nyie," alisema. "Kiboko ni mmoja, Korongo ni mmoja. Nyie ni mamia. Watoto wangu waliposhindia uji wa chumvi hamna, mlikuwa wapi?"

Swala akatazama kwato zake.

"Tulikuwa hapa hapa, Bi Kindi," alisema kwa sauti ndogo. "Tuliogopa."

"Najua. Niliwaona."

Kisha akawaigiza. Aliigiza Swala anavyojificha nyuma ya Pundamilia, na Pundamilia anavyojificha nyuma ya Swala. Walicheka na kuona haya hapo hapo, na wakati wanacheka machozi yanawatoka, karanga zilimwagika kichuguuni mpaka Bi Kindi akazama magotini.

Anayekuumiza kisha akasema anatania, mpe na kazi za utani, utamjua ni mtani au ni adui.