Kijiji Kilichobakiwa na Mwanachama Mmoja

Nipisheni nikae, goti langu hili halina adabu tena. Sogezeni ungo katikati, kila mtu achukue hindi lake. Kwangu hapa hadithi ya bure haipo: masikio yanasikia, vidole vinapukuchua, na makande yanapatikana. Wewe Mrindoko unasemaje? Kwamba utawasimamia wenzako? Haya, baba, simamia. Tutakutana mbele ya safari.

Niseme nisiseme? Mmesema niseme, basi asije mtu akanilaumu.

Hapo kale, kale ya kale, mwezi ulipokuwa bado unanyonya na milima yetu hii inajifunza kusimama, palikuwa na kijiji huku Upare wa juu kikiitwa Kwamkweni. Kijiji hicho kilikuwa na ndiva. Mnaijua ndiva, msinikodolee macho: bwawa lililozungushiwa ukuta wa mawe na udongo. Kijito kinaingia humo usiku kucha, asubuhi mtu anazibua, maji yanashuka kwa mfereji mpaka mashambani. Ndiva ikiwa nzima, watu wanakula. Ndiva ikipasuka, watu wanatazamana. Hakuna neno la tatu.

Na ukuta wa udongo ni kama mtoto mdogo, hauachwi peke yake. Kila mara unataka kuzibwa hapa, kukandikwa pale. Kazi hiyo ilikuwa ya kijiji kizima, ikiitwa msaragambo. Haina mshahara, haina bwana. Baragumu linalia, puuu, watu wanatoka na majembe na vikapu, wanatia udongo, wanaimba, wanataniana, wake za watu na waume za watu wanarushiana matope, halafu wanakunywa togwa na kurudi nyumbani. Huyu anajua mawe, yule anajua udongo, yule hajui chochote ila anachekesha, naye anahitajika.

Sasa aliyekuwa akiongoza msaragambo akafa, kama watu wazuri wanavyofanya. Wazee wakamchagua Mzee Kirumbe. Kwa nini Kirumbe? Kwa sababu alikuwa na pumzi. Akipuliza baragumu, mbuzi wa kijiji cha pili walikuwa wanaacha kula. Wazee wakasema mtu mwenye pumzi nyingi namna hii lazima ana akili nyingi. Wajukuu zangu, makosa hayo bado yanafanyika.

Kirumbe akapanda juu ya jiwe, akakaa huko huko. Kutoka juu ya jiwe aliona kila kosa. Wewe umeinama vibaya. Wewe kikapu chako hakijajaa. Wewe unacheka nini? Nyimbo akazikataza, alisema zinamchanganya. Kazi ikiisha, aliwahutubia watu wenye matope hadi mapajani, akijishukuru yeye mwenyewe kwa kirefu mpaka togwa inachacha. Jina la mtu hakulitaja hata moja.

Basi watu wakaanza kuugua. Baragumu likilia, puuu, mmoja anashikwa na mgongo. Likilia, puuu, mwingine anatembelewa na mkwewe. Sekiete, ambaye alikuwa fundi wa mazizi hana mfano, alimzika shangazi yake yule yule misaragambo mitatu mfululizo, na shangazi mwenyewe alikuwa uani anachambua mboga.

Kirumbe akaona ndiva inabaki na yeye tu. Angeweza kushuka kwenye jiwe akauliza, jamani, kulikoni? Hakushuka. Alifikiri akiwa huko huko juu, na mawazo ya juu ya jiwe mnayajua yalivyo. Akasema moyoni, watu hawa hawataki kazi, wanataka cheo.

Akamwita Sekiete, akamtangaza Mkuu wa Majembe, akampa kigoda cha miguu mitatu. Msaragambo uliofuata Sekiete alifika kabla ya jua, mgongo umepona, shangazi amefufuka. Akaketi kando ya majembe akayaongoza. Majembe hayakumsumbua.

Kijiji kikaona. Nani atakubali kushika jembe ambalo mkuu wake ni Sekiete? Wakaja mmoja mmoja kwa Kirumbe, kila mtu na manung'uniko yake, na Kirumbe hakumnyima mtu. Kigoda kikachongwa, mtu akakaa. Akapatikana Mkuu wa Vikapu. Akapatikana Mlezi wa Matope, na Makamu wa Mlezi wa Matope, maana mlezi alikuwa anachoka. Kigoda kikachongwa, mtu akakaa. Bi Namkunda mfinyanzi, ambaye udongo wenyewe ulikuwa ukimtii, akafanywa Mama Mkuu wa Vibuyu. Yule mchekeshaji akafanywa Msemaji wa Ndiva, ingawa ndiva haikuwa na la kusema, na kuanzia siku hiyo akaacha kuchekesha, akawa anakunja uso. Kigoda kikachongwa, mtu akakaa. Mwishowe mchonga vigoda naye akalalamika. Akafanywa Mkuu wa Vigoda, akajichongea cha kwake, akakaa.

Na cha Kirumbe mwenyewe kilikuwa kipana kuliko vyote, kimechongwa kwa gogo zima, na upande wa mbele imechorwa sura yake, mashavu yamevimba anapuliza baragumu. Alikipenda kigoda kile kuliko mkewe. Mimi simsengenyi, mkewe ndiye aliyesema.

Akabaki mtu mmoja tu asiye na cheo, jina lake Nakijwa. Alikuwa mjane, ameolewa kutoka upande wa pili wa mlima, mume akafa akamwachia kishamba cha maharage mwisho kabisa wa mfereji. Maji yakipungua, ya kwanza kukatika ni ya kwake. Cheo hakukiomba, na Kirumbe hakumkumbuka.

Baragumu likalia, puuu. Kijiji kizima kikaja na vigoda. Wakaizunguka ndiva, wakaketi. Kirumbe alitazama duara lile machozi yakamlenga, akasema tangu enzi za mababu hayajaonekana mahudhurio kama haya. Na katikati yao, ndani ya matope, alikuwamo Nakijwa na kikapu chake.

Mkuu wa Vikapu akamwambia ajaze. Mlezi wa Matope akamwambia apunguze. Makamu akamwambia asubiri kwanza wakubwa wakubaliane. Mkuu wa Majembe akamkumbusha kwamba jembe halishikwi bila ruhusa. Msemaji wa Ndiva akatangaza kwamba kazi inakwenda vizuri. Nakijwa akabeba, akabeba, akabeba, na kwa kila kikapu anachotia, ukuta ulikuwa unameguka vikapu viwili mahali pengine. Jioni wakafanya kikao kuzungumzia uvivu wa wanachama. Mwanachama alikuwa amesimama pale pale, anakamua matope kwenye nguo yake.

Nakijwa akaweka kikapu chini, taratibu.

"Mzee Kirumbe," akasema, "mimi kuanzia leo nimetoka."

"Umetoka kwenye nini?"

"Kwenye kuongozwa. Nyinyi endeleeni."

Akashika njia ya kwake. Watu wazima wale wote wakatazamana juu ya vigoda vyao. Waligundua kwa pamoja kwamba uongozi wanao, tena umekamilika, ila hawana wa kumwongoza.

Wakatuma ujumbe. Ujumbe ulikwenda na vigoda vyake, ukaketi shambani kwa Nakijwa, ukamwahidi cheo kikubwa: Mkuu wa Wanachama. Nakijwa alikuwa ananyweshea maharage kwa kibuyu, shina moja moja, maana maji ya mfereji hayakuwa yakimfikia tena. Akawauliza, akiwa mkuu, atamwongoza nani? Wakasema swali hilo ni zito, watalipeleka kikaoni. Mpaka mimi nazeeka sijasikia kikao hicho kilifikia wapi.

Mrindoko, mbona umeacha kucheka?

Basi mvua zikapiga juu mlimani, kijito kikaja kimevimba. Asubuhi moja ukuta wa ndiva ukatoboka chini, tundu la kuingia ngumi. Mara likawa la kuingia kichwa. Maji yale yakiondoka, msimu umeondoka, na njaa ya huku mlimani haipigi hodi. Kirumbe akapuliza baragumu, puuu, na safari hii alikuwa anaogopa kweli.

Wakuu wakaja mbio, kila mtu na kigoda kichwani. Mkuu wa Majembe akamwamuru Mkuu wa Vikapu. Mkuu wa Vikapu akasema yeye haamriwi na majembe. Mlezi wa Matope akamtuma Makamu, Makamu akasema haiwezekani, makamu hatumwi. Walipokuwa wanabishana, tundu likawa mlango.

Nakijwa naye alikuja. Baragumu hakulijali, alikuja kwa sababu maharage yake ndiyo kwanza yalikuwa yanatoa maua. Hakusalimia mtu. Aliingia ndani ya ndiva na nguo zake, akageuza mgongo, akaketi ndani ya tundu lile akaliziba kwa mwili wake. Maji yakamfika kidevuni. Pembeni yake yaliendelea kuchuruzika, lakini katikati yakasimama. Na maji ya mlimani asubuhi, wanangu, yanagonganisha meno.

Angeweza kuwatukana. Mimi ningewatukana mpaka babu zao. Yeye alisema kwa sauti ya mtu anayeazima chumvi.

"Sekiete, zizi lako halijapata kuangushwa na ng'ombe. Njoo unionyeshe, hapa ubavuni gogo linakaaje?"

Sekiete akatazama huku na huku kama yuko Sekiete mwingine. Ilikuwa zamani hajaitwa kwa jina lake, wala kuulizwa jambo analolijua. Akaingia majini. Gogo la karibu halikuwapo. Akatazama kigoda chake, akakitazama tena, akakipigilia ubavuni kwa Nakijwa, kikakaa.

"Bi Namkunda, hapa panataka mikono yako."

Bi Namkunda akafunga nguo kiunoni, akaingia, akakandika. Ndivyo alivyowaita, mmoja mmoja, jina na kile anachokijua, jina na kile anachokijua, na kila aliyeshuka alishuka na kigoda chake, kikaingia ukutani miguu juu. Msemaji wa Ndiva akaombwa awachekeshe watu, maana wote walikuwa wanatetemeka. Akajaribu, akakuta bado anaweza. Aliyoyasema siwezi kuyarudia mbele yenu, lakini watu walicheka, na kicheko kikazaa wimbo.

Likabaki tundu la katikati tu, pale alipokaa mwenyewe. Vigoda vilikuwa vimekwisha, isipokuwa kimoja, na juu yake ameketi Mzee Kirumbe, ukingoni, miguu mikavu.

"Mzee Kirumbe," Nakijwa akasema, na midomo yake ilikuwa imeshabadilika rangi, "mgongo wangu unaniacha. Kigoda chako kinaenea hapa."

Kirumbe akakishika kwa mikono miwili. Akasema labda atafutwe mtu wa kwenda msituni kukata gogo, yeye yuko tayari kumsimamia. Watu wakaendelea kukandika. Hakuna hata aliyemcheka, na hilo ndilo lililomuuma. Alitazama chini akaona kijiji chake chote kimo majini kinaimba, na yeye yuko peke yake.

"Sikuamuru, baba," Nakijwa akasema. "Nakuomba. Una mabega kutupita sote."

Wanangu, mtu yule alikuwa hajaombwa kitu na mtu yeyote tangu apewe baragumu. Aliogopwa, alisengenywa, alilalamikiwa, lakini kuombwa msaada hakuombwa. Akainuka. Akakibeba kigoda chake kifuani, akashuka, na maji ya baridi yalipomfika mahali fulani akatoa mlio ambao heshima yangu hainiruhusu kuuiga. Nakijwa akachomoka, Kirumbe akakisukuma kigoda kikaingia, akakibana kwa mabega, macho yamemtoka, mpaka Bi Namkunda alipomaliza kukandika. Ndiva ikatulia.

Wakatoka wote wanatetemeka. Nakijwa alikuwa hawezi kusimama, wakamfunika nguo zao. Kirumbe akakohoa, akapanua kifua, akafungua kinywa apate kujishukuru kama kawaida yake. Nakijwa akamtia bonge la udongo mkononi.

"Pale bado panavuja, baba."

Kirumbe akafunga kinywa, akaenda akapaziba.

Walimtaka Nakijwa awaongoze. Alikubali, kwa sharti kwamba hakuna tena kuchonga kitu. Kabla ya kila msaragambo alipita nyumba kwa nyumba, akauliza wagonjwa wanaendeleaje, akamwambia kila mtu ni kazi gani inamngoja yeye. Aliyekuwa hawezi kuja hakuitwa mvivu, alipelekewa togwa. Baragumu aliachiwa Kirumbe, maana pumzi alikuwa nayo. Alikuwa anapuliza, puuu, halafu anatangulia matopeni, na mkewe alisema siku hizo ndipo alipoanza kupendeza. Shangazi yake Sekiete hakufa tena mpaka alipokufa kweli, na siku hiyo kijiji kizima kilikwenda kuchimba kaburi bila kuitwa.

Na kiangazi, maji ya ndiva yakipungua, waliopita pale waliiona sura ya Kirumbe ukutani, mashavu yamevimba, chura ameketi kichwani.

Basi na nyinyi mkikua mkapewa watu, maana kuna mjinga atawapa, msipande juu ya jiwe. Mwite mtu kwa jina lake, muulize anajua nini, halafu ushuke. Usiposhuka mwenyewe, kigoda chako kitatafutiwa kazi nyingine.

Hadithi yangu imelowa matope, naianika hapa hapa. Aliyeipenda aibebe ikikauka, asiyeipenda amwachie chura.

Mrindoko, usidhani sikukuona. Tangu ndiva itoboke umekuwa ukipukuchua kimya kimya, na vidole vyako ni vyepesi kuliko vya wenzako wote. Nakuomba unimalizie na haya yangu, mikono ya bibi yako imechoka. Ungo umejaa. Haya, nani kati yenu anajua kuwasha moto?