Mpira Uliopinda Angani

Paukwa!

Pakawa!

Itikieni polepole, wanangu. Hadithi hii ina msiba.

Zamani sana, bibi yake bibi yangu akiwa hajazaliwa, palikuwa na kijiji mlimani. Chini ya kijiji, korongo. Ndani ya korongo, mto. Kijijini hapo aliishi Bibi Namkunda, mwanamke mwenye busara, pamoja na mwanawe Senkondo na mjukuu wake Kajiru.

Siku moja watoto walicheza mpira wa majani makavu ya mgomba. Nakijwa, binti wa jirani, akaupiga. Pu! Mpira ukaenda, ukapinda angani, ukaangukia mteremkoni. Ukabingirika, biri biri biri. Kajiru akaukimbilia. Ukabingirika, biri biri biri. Kajiru akaukimbilia. Chubwi!

Kisha kimya.

Walimtoa mtoni amekwisha kufa.

Matanga hayajaisha, Senkondo akasimama mbele ya watu.

"Mpira haupindi wenyewe," alisema. "Huyu binti ameuroga. Aondoke, yeye na mama yake!"

"Aondoke!" watu wakaitikia. Nakijwa akajificha nyuma ya mama yake.

Bibi Namkunda akainuka mkekani, macho yamevimba.

"Nileteeni majani ya mgomba."

"Mama! Utacheza leo?"

"Kajiru ni wangu pia, Senkondo. Leteni."

Akasokota mpira, akauweka mbele ya mwanawe.

"Upige katikati."

Pu! Ukaenda moja kwa moja, ukashuka.

"Umeshuka kwa sababu ardhi inauvuta," alisema Bibi. "Inavuta kila kitu, hata sisi. Sasa upige ubavuni."

Pu! Mpira ukazunguka, zungu zungu zungu, ukapinda angani. Watu wakaguna.

"Je, nawe ni mchawi, mwanangu?"

Senkondo akauokota mpira, akaugeuzageuza.

"Mpira unaozunguka huisukumia hewa upande mmoja, na hewa huusukuma mpira upande wa pili. Ndiyo maana unapinda. Ukifika mteremkoni, ardhi huuvuta chini. Nyasi huupunguzia mwendo. Lakini mteremko wetu ni udongo mtupu, nani angeuzuia? Mpira hauna chuki. Haukujua kwamba mtoto yuko nyuma yake."

Senkondo akaketi chini, akalia kama mtoto.

"Basi nimchukie nani, Mama?"

"Sijui, mwanangu. Nami nimetafuta, sijamwona."

Bibi akamshika Nakijwa mkono, akamkalisha kando yake kwenye mkeka wa msiba. Hakuna aliyemfukuza. Watu wakapanda miti kwenye ukingo wa korongo, mpira usipite tena. Lakini Kajiru hakurudi, na Nakijwa hakugusa mpira maisha yake yote.

Nanyi, wanangu, mkifikwa na jambo msilolielewa, lichunguzeni kwanza, kabla hamjamnyoshea mtu kidole. Na mpira ukishuka korongoni, uacheni uende.

Hapo ndipo ninapoitua hadithi yangu.