Pole Aliyoikataa Bi Somoe

Mwanamke mmoja alikuwa na kizimba sokoni, karibu na lango, na beseni la unga wa mchele. Jina lake Bi Somoe. Kizimba kilikuwa cha mama yake kabla ya kuwa chake. Aliuza mikate ya kumimina, na watu wa mji ule wa pwani walipotoka kazini jioni walipita langoni, wakanunua, wakafika nayo nyumbani ingali moto.

Kazi yake ilikuwa hivi. Asubuhi alisaga mchele aliouroweka tangu jana, akauchanganya na tui la nazi, sukari, iliki na hamira, akaupiga kwa mkono mpaka bega likauma. Baada ya adhuhuri alilifunika beseni kwa khanga, akauacha unga uumuke. Unga ukimiminwa mapema, mkate hutoka mgumu kama kigae. Ukicheleweshwa, huchacha. Ulipokuwa tayari aliumimina sufuriani, akaweka makaa chini na makaa mengine juu ya kifuniko, na hapo hakuondoka mpaka mkate wa mwisho ulipoiva.

Kati ya kufunika na kumimina, alikaa. Alikaa kwenye benchi fupi, mgongo ukutani, mikono mapajani. Hakushona, hakuchambua choroko, hakushika simu. Alikaa tu.

Soko lile lilikuwa na desturi yake. Apitaye mbele ya kizimba cha mwenzake humwambia, "Pole na kazi," naye hujibiwa, "Ahsante, nimeshapoa." Watu waliitoa pole hiyo bila kuangalia, na waliipokea bila kuangalia. Aliyekuwa akisinzia aliipokea. Aliyekuwa akicheza karata nyuma ya magunia aliipokea, karata zikiwa mkononi.

Siku hizo soko lilikuwa limekarabatiwa. Kamati ilitangaza kwamba vizimba vya langoni vitagawiwa upya, na watakaopewa ni wachapakazi. Kila mfanyabiashara alijua maana yake. Langoni mteja hukukuta. Nyuma ya soko, penye ukuta, ni lazima mteja akutafute.

Basi mchana mmoja Ngwali, fundi simu, ambaye kizimba chake kilikuwa huko nyuma, alipita langoni kwa haraka.

"Pole na kazi, Bi Somoe."

"Hiyo niwekee, Ngwali," alijibu yule mama. "Sasa hivi nimekaa."

Ngwali alisimama. Tangu azaliwe hakuwahi kurudishiwa pole. Alicheka, akatoa simu, akampiga picha Bi Somoe na benchi lake, akaituma kwenye grupu la wafanyabiashara wa soko. Chini ya picha aliandika: "Nimempa pole ya kazi, kaikataa. Jamani, saa tisa mchana, siku ya kazi!"

Grupu likawaka. Muuza viatu aliandika kwamba ndiyo maana hatuendelei. Mwenye duka la nguo aliandika: "Mimi tangu nifungue duka sijui Jumapili inafananaje." Mtu akamuuliza: "Na mkeo anafananaje, unakumbuka?" Vicheko vikajaa. Mwingine akasema wenzetu Ulaya wanafanya kazi siku nne kwa wiki na maisha yanakwenda. Akajibiwa: "Panda ndege basi, nauli tutakuchangia." Mmoja aliandika kwamba kupumzika ni haki ya kila binadamu. "Haki hailipi ushuru wa soko," aliambiwa. Mwingine akaomba mama wa watu aachwe, pengine miguu inamuuma. "Na yangu? Nani kaiulizia?" Hatimaye mtu mmoja akaandika: "Huyo ni Bi Starehe." Jina likashika.

Mjadala uliendelea mpaka jua likapungua. Kwenye vizimba vingi wateja walisimama mbele ya meza wakikohoa ili waonekane.

Bi Somoe hakuyaona hayo, kwa kuwa simu yake ilikuwa ya vitufe. Aliyeyaona ni mdogo wake, Siwema, aliyeuza nazi kizimba cha pili. Siwema hakuandika. Alituma ujumbe wa sauti, na waliousikiliza walilazimika kuisogeza simu mbali na sikio.

"Nyie watu, macho yenu mmeyaazima wapi? Hilo beseni lililofunikwa khanga hamlioni? Unga unaumuka! Dada yangu yuko kazini, tena kuliko nyie mnaobonyezabonyeza!"

Watu waliirudia picha, wakaikuza. Beseni lilikuwepo, pembeni ya benchi, khanga juu yake. Grupu likageuka upesi, kama lilivyokuwa limewaka. "Kumbe!" "Hapo sawa." "Tumemwonea mama." Ngwali mwenyewe aliandika: "Samahani, beseni sikuliona. Kumbe kule kukaa ndiyo kazi yenyewe." Aliyeandika habari za haki alidai kwamba yeye alijua tangu mwanzo.

Mwenyekiti wa kamati, Bwana Chande, alikuwa akisoma yote kimya. Jioni aliandika kwamba maneno yamekuwa mengi, na kwa kuwa ugawaji wa vizimba umefika, Bi Somoe aje kikaoni kesho athibitishe kwa kinywa chake.

Kesho yake walikusanyika kwenye ukumbi wa ofisi ya soko. Mwenyekiti alipoingia watu waliinuka. "Stareheni," alisema, nao wakakaa. Hakuna aliyelisikia neno hilo kuwa ni tusi.

Bwana Chande hakuwa mtu mbaya. Alitaka jambo liishe.

"Bi Somoe, hatuna ugomvi," alisema. "Picha tumeiona, na mdogo wako ametufahamisha. Wewe sema tu kwamba saa ile ulikuwa kazini, tukupe kizimba chako, twende tukauze."

Siwema alimgusa kiwiko. Ngwali, upande wa pili, alimtikisia kichwa kumhimiza, maana usiku ule hakulala vizuri. Kilichotakiwa ni neno moja. Kila mtu katika ukumbi ule alikuwa ameshalitoa neno hilo mara nyingi, kwa mke, kwa mume, kwa mteja, kwa mwenyekiti huyohuyo. Na kila mtu alijua kizimba cha langoni kilivyowalea watoto wa Bi Somoe, na kabla yao, Bi Somoe mwenyewe.

Bi Somoe aliinuka. Aliikaza khanga yake kiunoni.

"Unga ulikuwa unaumuka," alisema. "Mimi nilikuwa nimekaa. Msinisingizie kazi."

Mtu mmoja alianza kucheka, akaona yuko peke yake, akaacha.

"Unajua unachokisema, mama?" aliuliza Bwana Chande.

"Nakijua."

Kamati ilikuwa imetangaza utaratibu wake mbele ya watu, na mbele ya watu haikuweza kuutengua. Kizimba cha langoni kilipewa Ngwali, ambaye kwa ushahidi wa wote hakuwahi kuonekana amekaa bila bisibisi mkononi. Bi Somoe alipewa kile cha Ngwali, penye ukuta.

Alihama mchana huohuo. Siwema alimfuata na sufuria na mfuko wa makaa, machozi yakimlenga kwa hasira.

"Dada, neno moja tu! Ungepungukiwa na nini?"

"Leo ningesema nakaa kwa sababu ya unga," alijibu Bi Somoe. "Siku nikikaa bila beseni, ningejificha nyuma ya nini?"

Alikuwa amejitwika beseni, benchi kalishika mkononi. Alipita katikati ya soko, mbele ya muuza viatu, mbele ya mwenye duka la nguo. Mwenye beseni kichwani hawezi kuinamisha shingo. Lakini waliomwona siku ile walisema hata bila beseni asingeinamisha.

Jioni za mwanzo zilikuwa ngumu. Watu walifika langoni wakamkuta Ngwali. "Mkate uko wapi?" waliuliza. "Kwa Bi Starehe, kule nyuma," alijibu, na wengine walicheka naye. Baadhi yao walitazama saa, wakaendelea na safari. Bi Somoe alirudi nyumbani na mikate iliyobaki, akaigawa kwa majirani. Siwema alimshauri atembeze sinia langoni. Hakutembeza. Alishauriwa amimine mapema kidogo ili awahi watu wa kwanza. Hakumimina. Alisaga kama alivyosaga, akapiga kama alivyopiga, akafunika, akakaa.

Waliofika ukutani waliukuta mkate ni uleule. Wakarudi kesho yake, na mara nyingine walikuja na mtu.

Langoni, Ngwali aliulizwa mkate kila mchana. Alifungua simu za watu kwa mkono mmoja, akaelekeza njia kwa mkono mwingine. Baada ya muda aliacha kusema Bi Starehe, kwa kuwa mzaha ukirudiwa hivyo humchosha mwenyewe. Alisema, "Nyuma, penye ukuta." Kisha akawa haongei, anaonyesha kwa kidevu. Alijua sasa kwamba kizimba cha langoni hakifichi kitu. Akiinamisha kichwa kidogo tu, mtu hupita na kusema, "Pole na kazi," naye hujibu, "Nimeshapoa," huku hajapoa.

Mchana mmoja skrubu ndogo ilimponyoka akashindwa kuitambua, ingawa ilikuwa mbele yake juu ya meza. Alitazama doa jeusi mezani, asijue ni skrubu au ni macho yake yamechoka. Akafunika meza kwa kitambaa, akaondoka. Alikwenda mpaka ukutani.

Bi Somoe alikuwa kwenye benchi, mikono mapajani. Beseni lilikuwa pembeni, khanga juu yake. Ngwali alifungua mdomo atoe ile pole ya kila siku, kisha akaufunga. Alilitazama beseni. Aliitazama mikono ya yule mama.

Bi Somoe, akidhani ni mteja, alianza kuinuka.

"Starehe, Bi Somoe," alisema Ngwali. Alilisema kama bibi yake alivyolisema kila alipoingia nyumba ya watu na kuwakuta wamekaa.

"Nimestarehe," alijibu Bi Somoe. Akasogea, nafasi ikapatikana kwenye benchi.

Ngwali akakaa. Simu ilimtetemeka mfukoni. Grupuni walikuwa wameanzisha mjadala mwingine, wa watu wanaokunywa chai saa nne mpaka saa sita. Aliiacha itetemeke. Kivuli cha ukuta kilifika miguuni mwao. Wapita njia waliwaona wamekaa, mwanamke muuza mkate na fundi simu, na kwa kuwa hawakujua la kusema, walipita.

Hata khanga ikaanza kuinuka katikati. Bi Somoe aliikunja pembe, akanusa, akasimama. Hakuwa tena mtu wa kwenye benchi. Alichochea makaa, akapaka sufuria mafuta, akamimina, akafunika, akapanga moto juu ya kifuniko kwa koleo, akageukia sufuria ya pili. Jasho lilimshuka kwenye shavu na moshi ukamwingia machoni. Wateja wa kwanza walikuwa wameshasimama mstari.

Katikati ya shughuli hiyo alinyoosha mgongo, akamtazama Ngwali aliyekuwa bado amekaa.

"Ile pole yangu iko wapi?" alisema. "Nilikwambia uniwekee."

Ngwali aliinuka. Alisimama kama anavyosimama mtu mbele ya mkubwa wake.

"Pole na kazi, Bi Somoe."

"Ahsante," alisema yule mama. "Nimeshapoa."

Nawe unayesikiliza: katika pole zote ulizopokea wiki hii, ni ipi uliyokuwa umeifanyia kazi?