Jina Moja Bangoni

Prrriii!

Filimbi moja, mara moja, usiku wa mvua. Hapo zamani, reli ilipokuwa bado ndiyo barabara ya watu wote, filimbi hiyo iliisimamisha treni hatua mia moja kabla ya daraja lililochukuliwa na mafuriko. Abiria wakaamka wakitukana. Walipoona daraja halipo, wakaacha kutukana, wakaanza kusali.

Asubuhi wakubwa wakaja. Wakauliza, "Mlinzi wa zamu nani?" Wakaambiwa, "Magoke." Wakamvisha Magoke nishani. Hawakuuliza filimbi ilikuwa mdomoni mwa nani. Wakubwa huuliza zamu, hawaulizi mdomo.

Sasa mimi nawaambieni: usiku ule Magoke alikuwa chini ya meza, amelewa chakari. Aliyepuliza ni mkewe. Naye akanyamaza, maana mume akifukuzwa kazi, na nyumba ya reli inakwenda. Akanyamaza mwaka, akanyamaza kumi, akanyamaza thelathini. Watu wakamwita Mama Nishani, kwa nishani ya mumewe, hata jina lake wakalisahau.

Haya, hao ndio wajinga. Njooni kwa wenye akili.

Palikuwa na kijana Masalu, mpangaji wao wa chumba cha uani. Masalu alikuwa mwandishi wa filamu, yaani alikuwa na skafu. Siku moja, wakichambua kunde, Mama Nishani akamsimulia yote.

"Andika, mwanangu," akasema, "ila jina langu usilitaje. Wakinijua mimi, watamjua na yeye."

Masalu akaandika kurasa mia na ishirini. Ndipo likatangazwa shindano: ieleze filamu yako kwa sentensi moja. Sentensi itakayoshinda, filamu yake itatengenezwa. Na kwenye bango, chini ya maneno "Hadithi ya", litaandikwa jina moja. Moja, si mawili.

Masalu akajifungia siku tatu. Akatoka na hii: "Katika ulimwengu uliojaa giza na matumaini, mwanamke mwenye moyo wa ajabu anaingia katika safari ya kujitambua, ambapo maji, chuma na majaliwa vinakutana kumfundisha maana halisi ya maisha."

"Imekamilika," akasema.

Treni iko wapi humo? Mwulizeni yeye.

Akaipeleka kwa Mshauri Kihwelo, mtu ambaye hajawahi kuandika filamu hata moja, lakini amezirekebisha zote. Kihwelo akavua miwani. Akavaa miwani.

"Kijana, hii ni sentensi au ni hotuba ya harusi? Nani? Anataka nini? Anazuiwa na nini? Akishindwa, kinapotea nini? Manne hayo. Mengine yote ni ubani."

"Na jina lake, mwalimu?"

"Jina halimwambii mtu kitu. Kwenye sentensi ya filamu hatutaji majina. Sema yeye ni nani kwa kazi yake."

"Hana kazi. Ni mke."

"Basi sema mke."

Akakata, akakata, akakata. Ikabaki: "Mke wa mlinzi wa reli anajaribu kuisimamisha treni kabla haijafika kwenye daraja lililobomoka."

"Imekamilika," akasema Kihwelo.

Nayo ilikuwa safi kweli. Safi kama maiti iliyokwisha kuoshwa.

Masalu akaipeleka steshenari ikachapwe. Pale alikuwapo Siwema, dada aliyechapa barua zote za mji: za posa, za kuomba kazi, za kuacha kazi. Alisoma kila alichochapa, na hakuna aliyewahi kumwuliza kitu. Akaisoma. Akapiga mwayo.

"Kaka Masalu, huyo mlinzi mwenyewe yuko wapi?"

"Amelewa. Lakini hilo ni doa dogo, nimelificha ukurasa wa tisini."

"Umeficha nyama, umepakua mfupa! Na huyo mama mbona hakusema ni yeye?"

"Mume angefukuzwa kazi."

"Ee Mungu wangu. Na ninyi ndio mmesoma."

Vidole vikakimbia: "Mlinzi wa reli akiwa amelewa chakari, mkewe ananyakua filimbi na kuiokoa treni, lakini akijulikana kuwa ndiye aliyepuliza, mumewe atafukuzwa kazi."

Siwema hakusema imekamilika. Alisema, "Nitoe nakala ngapi?"

Sentensi ikashinda.

Siku ya tuzo, ukumbi wa reli ukajaa. Mzee Magoke akawekwa mstari wa mbele kwa heshima zake, mkewe ubavuni. Mwenyekiti wa waamuzi akaisoma sentensi kwa sauti. Watu wakapiga makofi. Mzee Magoke hakupiga.

"Haya," akasema mwenyekiti, akafungua kalamu. "Bangoni niandike jina gani?"

"Langu," akasema Masalu. "Bila kurasa zangu wangekata nini? Upepo?"

"Langu," akasema Kihwelo. "Nilikuta kichaka, nikaacha njia. Bila njia huyu binti angepita wapi?"

"Langu," akasema Siwema, amesimama mlangoni kwa kukosa kiti. "Mmoja alipamba, mmoja alikata. Aliyeuliza ni mimi. Na mlichokipigia makofi ni jibu la swali langu."

"Mpiga chapa!" Kihwelo akafyonya.

"Mpiga miwani!" Siwema akarudisha.

Watatu hao, mbele za watu, wakaigombania filimbi ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuitia mdomoni.

Mwenyekiti akagonga meza. "Na huyu mke wa mlinzi? Ni mtu wa kweli?"

Masalu akatazama viatu vyake. "Ni... mhusika tu."

Mama Nishani akainamisha kichwa, kimya, kama alivyozoea. Ila Mzee Magoke akainuka. Mkewe akamdaka koti.

"Kaa, baba. Nakusihi, kaa chini."

"Nimekaa miaka thelathini," akamjibu. Akaugeukia ukumbi. "Mimi nilikuwa chini ya meza. Aliyepuliza ni Nyamizi. Nyamizi binti Kafuku."

Basi. Kalamu ya mwenyekiti iko hewani. Wewe unayetaka kusema "wagawane", kaa kimya, ulisikia: jina moja. Nawe unayetaka kusema "ni la Nyamizi, yamekwisha", kumbuka aliomba asitajwe, na aliyemtaja hakumwuliza. Na mlevi huyo aliyevaa sifa ya mkewe miaka yote, leo kaivua mwenyewe, hakuna aliyemlazimisha. Bila yeye tusingekuwa na jina la kuandika.

Wino unakauka, jamani. Hadithi ya nani?