Jirani wa Bibi Rayhana

Wamesimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja kandokando ya Mto Furati aliishi mnakili wa vitabu aitwaye Shuaibu bin Mahrani. Nyumba yake ilipakana na ya Bibi Rayhana, mwanachuoni aliyehifadhi hadithi nyingi za Mtume, rehema na amani zimshukie. Kila siku baada ya sala ya alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mto, bibi yule alisomesha. Sauti yake ilipenya ukutani pasi na maneno, laini kama mvumo wa nyuki, ikachanganyika na harufu ya maua ya milimau. Na Shuaibu, kalamu mkononi, akawa kama mtu aliye baina ya usingizi na macho.

"Nitakwenda kusoma kwake," alimwambia mkewe, Lubaba, "nikimaliza mswada huu."

"Na ule uliopita ulisema vivyo hivyo, bwana," akajibu mkewe kwa upole.

Ikapita miaka saba. Asubuhi moja ukungu ulitanda, milimau ikanukia, na sauti haikuja. Adhuhuri Shuaibu alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza.

Baada ya siku arubaini wazee wa msikiti walimjia. Walimtaka mtu aliyepokea elimu kwa bibi yule, akalie kiti cha kusomesha, na cheo hicho Shuaibu alikuwa amekitamani tangu ujana wake.

"Ewe ndugu yetu," wakamwuliza, "wewe ulikuwa jirani yake. Je, ulimsikia?"

Shuaibu akainamisha kichwa. Neno "nilimsikia" lilikuwa kweli, nalo lilikuwa tayari ulimini, na lingetosha kumpa kiti. Akasema, "Nilisikia sauti yake kila siku, wala sikupokea hadithi hata moja. Mlango wake ulikuwa wazi, nami sikuingia. Waulizeni walioingia."

Wakauliza, wakaelekezwa kwa Umm Safwani, mfuma mikeka, mjane ambaye kwa miaka ishirini hakukosa darasa. Wakamkalisha yeye.

Lubaba alimkuta mumewe analia. "Unalilia kiti?" akamwuliza.

"Nalilia zile asubuhi," akasema.

Kesho yake Shuaibu, mwenye mvi tele, aliingia darasani akaketi nyuma ya vijana. Umm Safwani akamtazama. "Sheikh Shuaibu, na wewe umekuja kusoma?"

"Nimechelewa miaka saba, mama. Naona haya kuketi hapa, lakini nikiifuata haya hii nitaikosa na leo."

"Basi sogea mbele," akasema Umm Safwani, "uzee umenipunguzia sauti."

Akasogea. Alisoma kwake miaka kumi na mmoja, na miswada akainakili jioni. Yasemwa kwamba alipokuwa mgonjwa alibebwa kwa kitanda mpaka darasani, na mauti yalimfikia akiwa bado anaitwa mwanafunzi.

Ndugu zangu, majuto ni neema kwa anayeinuka nayo. Asubuhi iliyopita hairudishwi kwa machozi wala kwa ujanja wa maneno. Mola wetu Mkarimu alituamsha leo. Na atujaalie tuingie milango iliyo wazi kabla haijafungwa. Amin.