Kibuyu cha Maji cha Uhembe

Sogeeni. Anayetaka hadithi yenye mwisho mzuri akalale, hii haina.

Nchi ya Mlangasi ilikuwa na wajumbe watatu. Kasimbi alijua lugha ya majirani zao wa Uhembe, hadi matusi yake ya utani. Bi Tunu alikariri mapatano yote yaliyowahi kufungwa kati ya nchi hizo mbili. Ndaro alijua kukaa na kungoja bila kukasirika. Hawakuzaliwa hivyo; kazi iliwafundisha kwa miaka ishirini.

Mfalme mpya akaona wanakula bure. Akawapa mashamba kando ya mto wa mpakani wakalime, na kule Uhembe akamtuma shemeji yake, Lubengo. Huko mgeni hupewa kibuyu cha maji. Anakunywa kidogo, mwenyeji anamalizia, ili ionekane hakuna anayemtilia mwenzake sumu. Lubengo akanawa miguu kwa maji hayo.

Kesho yake askari wa Uhembe walivuka mto, wakachukua watoto watatu kwenye mashamba ya karibu: wa Kasimbi, wa Tunu na wa Ndaro. Ndipo mfalme akawakumbuka wajumbe wake, akawatuma.

Walipokuwa wakivuka mto, walinzi wa Uhembe waliwaelekezea mishale. Kasimbi akawaambia kwa lugha yao, "Watani zangu, kwa kulenga huku, ndiyo maana mnashindia mboga." Wakacheka, pinde zikashuka. Bila yeye wangefia majini.

Mbele ya Mtemi Ngoza wa Uhembe, Bi Tunu alitaja mapatano ya mwaka wa nzige: mtoto hachukuliwi kwa kosa la mkubwa. Akamtaja na shahidi, bibi yake Ngoza.

"Bibi yangu umemjuaje?"

"Ndiyo kazi yangu, Mtemi."

Bila yeye wangefukuzwa palepale.

Mtemi akaingia ndani, akakaa siku tatu. Washauri wake wakawa wanapita na kuuliza, "Na nyinyi mmekuja kunawa?" Kasimbi alitaka kujibu. Tunu alitaka kuondoka. Ndaro akawashika mikono wote wawili, wakabaki. Siku ya nne kibuyu kikaletwa. Ndaro akanywa kidogo, akakirudisha. Mtemi akamalizia.

"Mngekuja nyinyi kwanza, tungekuwa tunakula sasa," alisema. "Lakini watu wangu waliiona ile miguu. Nikiwarudisha watoto wote, nami nimekwisha. Chukueni mmoja. Wawili wanakwenda machimbo ya chumvi jua likizama."

Kutoka machimboni hajawahi kurudi mtoto.

"Bila mimi tusingevuka," alisema Kasimbi. "Na wangu ana miaka sita."

"Bila mimi tusingesikilizwa," alisema Tunu. "Wangu anakohoa, chumvi itamuua mwezi huu huu."

Ndaro alinyamaza, kama alivyozoea. Safari hii kunyamaza hakukumsaidia mtu.

Watoto wakaletwa, wakasimamishwa mstari mmoja. Hawakulia. Walijua hii ndiyo kazi ya wazazi wao.

Siku hiyohiyo, kule Mlangasi, Lubengo alikuwa anafunga mizigo. Mfalme alikuwa amemteua tena, aende kwa jirani wa kaskazini.

Haya, nyinyi mnaosikiliza, mngemchukua mtoto wa nani? Msiniambie wote watatu. Hilo liliwezekana kabla mtu hajanawa miguu. Jua limeshagusa paa la mtemi. Semeni.