Ukurasa Uliowarudisha Wageni

"Aliyeandika 'Msiingie' asilalamikie upweke." Mmeusikia leo, mkadhani umetoka kwa mababu wa mababu zetu. Wapi! Msemo huu ni mdogo kuliko nyinyi, na ulianza hivi.

Kule Same alikuwako mwalimu mstaafu, Nakiete Mchome. Kijiji alichozaliwa, Ngwesheni, kilifukiwa na maporomoko ya udongo alipokuwa msichana, na walionusurika wakatawanyika. Mdogo wake, Elineema, alichukuliwa na ndugu waliohamia Zambia; tangu hapo kimya. Basi Nakiete akakusanya majina na picha za kila kaya, na binti wa kaka yake, Namkunda, akamtengenezea tovuti. Elineema kama yu hai, siku moja atalitafuta jina la kijiji mtandaoni.

Lakini mwalimu ni mwalimu. Hakutaka ulimwengu uone kazi ambayo haijasahihishwa. "Asiingie mtu mpaka nimalize," aliagiza. Namkunda akaweka ukurasa mdogo wa mistari miwili, unaoziambia mashine zinazopekua mtandao, zile zinazowaonyesha watu wanachokitafuta, zisiingie humo. Kazi ikaisha, wakapongezana, wakausahau.

Miaka miwili hakuandika mtu. Nakiete alilia, kisha akakata tamaa. "Watu wa Ngwesheni wamenisahau. Ifunge tu hiyo tovuti."

Namkunda alipoanza kuifunga, akashtuka.

"Shangazi, hebu njoo uone. Hii ni orodha ya waliobisha hodi."

Nakiete akavaa miwani. Mistari ilishuka, ikashuka, haina mwisho. Mashine zilikuwa zimekuja kila siku, kutoka pande zote za dunia, na kila moja ilisoma ule ukurasa mdogo tu, ikarudi.

"Zilishindwa kuingia?"

"Wala. Mlango haukuwa na kufuli. Zilisoma kwamba hutaki wageni, zikakuheshimu."

"Zote hizi? Kwa neno langu mimi?"

"Kwa neno lako, shangazi. Na leo asubuhi zimekuja tena."

Nakiete akavua miwani. Miaka thelathini alikuwa amewapigia kelele watoto darasani wasimsikie, kumbe dunia nzima ilikuwa ikimtii kimyakimya, akiwa jikoni anachambua mchele! Akaketi. Aliliogopa neno lake mwenyewe.

"Lifute," alinong'ona.

Siku ya tisa ukaja ujumbe kutoka Kitwe, Zambia: "Dada, mtoto wa picha ya ishirini na saba ni mimi. Kila mwaka nimelitafuta jina la Ngwesheni. Nikadhani hakuna aliyebaki."

Nakiete aliusoma kwa sauti, akashindwa kuumaliza. Majirani wakaja kumpongeza, wakasema kila jambo na wakati wake, Mungu ndiye aliyepanga.

"Msimsingizie Mungu," akawajibu huku akifuta machozi. "Yeye alikuwa akiwaleta kila siku. Mimi ndiye niliyewarudisha. Aliyeandika 'Msiingie' asilalamikie upweke."